Sehemu Moja ya Kumi ya Sekunde

Januari 2022 nilikata jina la msichana mmoja kwenye kikosi kwa sababu ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Alikuwa winga wa kulia, mwanafunzi wa kidato cha tatu, mwenye miguu myembamba na mbio za kupindapinda ambazo mabeki wa mitaa yetu ya Morogoro walikuwa wakizichukia, na siku hiyo alikimbia mita 30 kwa sekunde 5.1 huku mwenzake aliyegombea naye nafasi akitumia sekunde 5.0. Niliziandika namba zote mbili kwenye daftari la kaunta, nikapiga mstari chini ya ile ndogo, na jioni nikasoma majina ya waliobaki. Nilijiona nimetenda haki, kwa kuwa sikutumia upendeleo wala sikusikiliza maneno ya wazazi. Nilitumia saa.

Enzi zangu za kucheza, kocha alitupima kwa jicho. Alisimama kando ya uwanja akatazama nani anawahi mpira, nani anaruka kupiga kichwa, nani anaishiwa pumzi kipindi cha pili, na hapo kazi ikawa imekwisha. Nilipotundika daluga na kuwa mwalimu wa michezo nilihudhuria kozi fupi ya makocha, na mkufunzi mmoja akatueleza kwamba miguu ya mchezaji inaweza kuulizwa maswali matatu: ina nguvu kiasi gani inaposukuma uzito, inauinua mwili juu kiasi gani inaporuka, na inaupeleka mwili mbele kwa kasi gani katika mita chache za mwanzo. Nilitoka pale nikiamini kwamba jicho la kocha wangu wa zamani lilikuwa ubabaishaji mtupu.

Maswali yenyewe ni ya maana. Mchezaji hukimbia kilomita kadhaa katika mechi moja, lakini mipira inayoamua matokeo mara nyingi hugombewa ndani ya mita 10 au 20, na huko anayewahi ni yule anayeweza kuisukuma ardhi kwa nguvu kubwa ndani ya muda mfupi sana, kwa sababu hata katika hatua za mwanzo mguu hugusa chini kwa takriban sehemu mbili za kumi za sekunde tu kabla ya kuinuka tena. Mwaka 2004 Ulrik Wisløff na wenzake walichapisha vipimo vya wachezaji 17 wa klabu ya Rosenborg ya Norway, ambao kwa wastani waliweza kuchuchumaa nusu wakiwa na karibu kilo 172 mabegani na kuruka kimo cha sentimita 56, wakaonyesha kwamba wenye nguvu zaidi chini ya chuma ndio pia, kwa sehemu kubwa, waliokuwa wepesi zaidi katika mita 10 na walioruka juu zaidi. Mkufunzi wetu aliusifu sana utafiti huo. Jambo ambalo hakulitaja ni kwamba wote 17 walikuwa wanaume.

Kumbukumbu nzuri za wanawake zipo, na nyingine zinatoka nchi hiyo hiyo. Thomas Haugen na wenzake walikusanya vipimo vya mbio za mita 40 na vya kuruka vya wachezaji wa kike wa ngazi ya juu wa Norway kuanzia 1995 hadi 2010, kipindi kinachoanza mwaka ambao nchi hiyo ilitwaa Kombe la Dunia la Wanawake na kupita kwenye dhahabu yake ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Nilipozipata namba zao nilizinakili ubaoni kwa chaki, kama alama za kufaulu mtihani, wasichana wangu wazione kila wanapoingia kubadilisha nguo. Walizitazama kwa adabu. Hakuna aliyezifikia, na mimi nikahitimisha kwamba kazi iliyokuwa mbele yetu ilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani.

Haugen huyo huyo ndiye aliyenivuruga baadaye. Katika kazi nyingine, ya mwaka 2012, yeye na wenzake walilinganisha njia mbalimbali za kuanza mbio na za kuanzisha saa: wapo wanaoanza kuhesabu mguu wa nyuma unapoinuka, wapo wanaosubiri mwili ukate mwanga wa kihisi, wapo wanaomruhusu mkimbiaji arudi nyuma ya mstari hatua moja ili aingie akiwa tayari na kasi. Walikuta kwamba tofauti inayotokana na mambo hayo peke yake inaweza kuzidi faida ambayo mchezaji anaipata kwa miaka kadhaa ya mazoezi. Niliisoma sentensi hiyo mara mbili, nikanyanyua macho kuutazama ubao wangu, kisha nikaufuta.

Ikabaki saa yangu. Asubuhi moja ya Aprili, masika ikiwa imetupa nafasi ya siku mbili bila mvua, nilimwomba msaidizi wangu na golikipa wetu wa akiba wasimame pamoja nami kwenye mstari wa mwisho, kila mmoja na saa yake mkononi, halafu msichana mmoja akakimbia mara moja tu. Msaidizi alipata 4.9, mimi 5.0, golikipa 5.2. Tulirudia kwa msichana mwingine, na namba zikatofautiana vilevile, ila safari hii mwenye namba kubwa alikuwa mimi. Mkono wa binadamu huchelewa kubonyeza anapoona mtu ameondoka, lakini mwishoni hubahatisha, kwa sababu anamwona anakuja na kidole kinawahi. Ndiyo maana katika riadha muda wa mkono wa mita 100 huongezewa sekunde 0.24 unapolinganishwa na ule wa umeme. Mimi nilikuwa nimempima kila msichana mara moja, kwa mkono mmoja, kwenye uwanja wenye changarawe upande mmoja na majani upande mwingine, halafu nikapanga majina kwa tofauti ya 0.1.

Nisieleweke vibaya: mpirani 0.1 si kitu kidogo. Msichana anayemaliza mita 30 kwa sekunde 5 huwa amezidi kasi ya mita 7 kwa sekunde anapofika mwishoni, kwa hiyo sehemu hiyo moja ya kumi ni kama sentimita 70 za uwanja, yaani bega zima mbele ya beki. Inatosha kufunga goli. Ila kwa saa ya mkononi haionekani, kama vile mzani wa gunia usivyoweza kupima dhahabu, na mimi niliisoma kana kwamba nimeiona.

Nilikwenda nyumbani kwa yule winga Jumamosi iliyofuata. Nilimkuta shangazi yake anapembua mchele barazani, nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua uso, kisha akaniambia kwamba mtoto ameshahamishiwa kwa mama yake Kilosa tangu Februari, kwa kuwa walimweka mjini kwa ajili ya mpira, na mpira ulipomwacha hawakuona sababu ya kuendelea kulipa nauli za daladala. Sikuwa na la kumwambia. Nilianza kueleza habari za saa na mkono, na hata mimi nilisikia jinsi maneno hayo yalivyokuwa mepesi, nikayaacha nusu.

Baada ya hapo nilijifunza kupima upya, nikianza na kuruka, kwa sababu ndicho kipimo kinachoweza kufanywa vizuri bila fedha nyingi. Kanuni yake ni ya fizikia ya sekondari: mtu anayeruka wima hutumia nusu ya muda wa hewani kupanda na nusu kushuka, hivyo kimo alichofika kinapatikana kwa kuzidisha mvuto wa dunia, ambao ni 9.81, kwa muda huo wa hewani uliozidishwa kwa wenyewe, kisha kugawanya kwa 8. Anayekaa hewani sekunde 0.50 amepanda karibu sentimita 31. Wenye maabara husimamisha mchezaji juu ya bamba linalopima msukumo wa miguu. Wengine tuna simu. Mtafiti wa Hispania Carlos Balsalobre-Fernández na wenzake walionyesha mwaka 2015, kupitia programu ya My Jump, kwamba video ya mwendo wa polepole inatosha kuupata muda huo, mradi uchague kwa makini picha ambayo vidole vinaachana na ardhi na ile ambayo vinaigusa tena.

Neno polepole hapo lina uzito wake. Video ya kawaida huchukua picha 30 kwa sekunde, na ukikosea picha moja tu, 0.50 inakuwa 0.53, na sentimita 31 zinageuka karibu 35. Umempa mtoto sentimita 4 ambazo hana, na ni nyingi kuliko anazoweza kuzipata kwa wiki nyingi za jasho. Kwa picha 240 kwa sekunde, kosa hilo hilo la picha moja ni nusu sentimita. Pia lazima mikono ikae kiunoni, kwa kuwa mikono ikiachwa ipunge, kimo huongezeka kwa asilimia 10 au zaidi na hujui tena unapima mguu au bega; na lazima mchezaji atue akiwa amenyoosha miguu kama alivyoondoka, kwa sababu anayekunja magoti hewani huchelewa kugusa chini na hesabu inamwona ni mrukaji hodari. Wasichana waligundua ujanja huo wa magoti siku ya pili. Niliwapongeza, halafu nikawafutia.

Nguvu ilinipa shida zaidi. Hatuna jimu, na mashine ya kiti inayopima nguvu ya goti likikunjwa na kunyooshwa kwa kasi maalumu nimeiona kwenye picha tu. Tulichonacho ni bomba la chuma lenye makopo ya rangi yaliyojazwa saruji pande zote mbili, ambayo tuliyapima kwenye mzani wa duka la mchele kabla ya kuyaunganisha, na muuza mchele akatuuliza kama tunataka na risiti. Sikumruhusu msichana yeyote kubeba uzito wa juu kabisa anaoweza kuubeba mara moja, maana mgongo wa mtoto wa miaka 16 ambaye hajafundishwa kuchuchumaa si wa kufanyia majaribio. Nilitumia uzito anaoweza kuuchuchumalia mara tano kwa umbo zuri, kisha nikakadiria: marudio yanagawanywa kwa 30, jibu linajumlishwa na moja, kisha uzito unazidishwa kwa jumla hiyo, hivyo kilo 40 mara tano hukadiriwa kuwa karibu kilo 47 kwa mara moja. Ni makadirio, na niliandika neno hilo juu ya safu. Kilo zenyewe nilizigawanya kwa uzito wa mwili, kwa sababu uwanjani msichana anaubeba mwili wake mwenyewe na si wa jirani.

Yapo pia mambo ambayo hayamo miguuni kabisa. Siku moja mrukaji wangu bora alishuka sentimita 5, akarudia, akashuka tena, na nikaanza kumkaripia kwamba analegea. Msaidizi wangu, ambaye ni mdogo kwangu kwa miaka 12 na kwa hiyo anaambiwa mambo ambayo mimi siambiwi, alinivuta pembeni akanieleza kwamba binti yumo kwenye siku zake, amevaa kitambaa badala ya taulo ya kike, na anaogopa kutua kwa nguvu mbele ya simu inayorekodi. Nilikuwa nimesoma uchambuzi wa Kelly McNulty na wenzake wa mwaka 2020, uliojumlisha tafiti 78 na kukuta kwamba uwezo wa mwanamke hushuka kidogo mno katika siku za mwanzo za hedhi, huku wakionya kwamba ushahidi mwingi ni dhaifu. Nilikuwa nikingoja kuuona mwili ukishuka, kumbe kilichoshuka ni uhuru wa kutua. Tangu siku hiyo pakiti ya taulo inakaa kwenye mfuko wa mipira bila daftari la nani kachukua, kaptula za mazoezi ni nyeusi, na simu inarekodi kuanzia magotini kushuka chini.

Kuna kosa jingine ambalo ninalikiri kwa haraka kwa sababu linanitia aibu. Mwezi Juni nilirudia vipimo, karibu kila msichana akawa ameongeza kimo, na niliwaandikia viongozi wa timu barua ndefu ya kujisifu. Kumbe asiyewahi kuruka kwa mtindo ule huongeza kimo kwa kuuzoea mtindo tu, hata akilala wiki nzima. Siku hizi vipimo viwili vya mwanzo ni vya kujifunza na haviandikwi kwa kalamu ya wino. Baada ya hapo nawapima Jumanne na Ijumaa ya wiki moja, bila mazoezi mazito katikati, na tofauti ninayoiona kati ya siku hizo mbili ndiyo inayoniambia ukubwa wa kosa langu. Mabadiliko yaliyo chini ya hapo siyatangazi, hata kama mtoto ananisihi nimwambie ameongeza nusu sentimita.

Kisha ikaja Agosti. Beki wangu wa kati, wa kwanza katika orodha ya kuruka, aliruka kupiga kichwa katika mechi ya kirafiki, akatua kwa mguu mmoja bila kuguswa na mtu, na goti la kushoto likaingia ndani. Ilikuwa ni ligamenti ya mbele ya msalaba (ACL) iliyo ndani ya goti, ile inayouzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele, jeraha ambalo huwapata wanawake wa mpira wa miguu takriban mara mbili hadi tatu kuliko wanaume, na ambalo lingewanyima Leah Williamson na Beth Mead wa Uingereza na Vivianne Miedema wa Uholanzi Kombe la Dunia la mwaka uliofuata. Usiku ule nilipekua daftari nikitafuta dalili niliyoipita. Nilijua kwamba mwaka 2005 Timothy Hewett na wenzake walikuwa wamewapima wasichana 205 wakiruka kutoka kwenye kisanduku, na tisa walioumia baadaye walionekana kutua magoti yakiingia ndani kuliko wenzao. Kwa nini sikumweka mtoto wangu juu ya kisanduku?

Jibu nililipata kwa Tron Krosshaug na wenzake, waliochapisha mwaka 2016 matokeo ya wachezaji 710 wa kike wa mpira wa miguu na wa mikono nchini Norway, ambao 42 kati yao walipata jeraha hilo bila kugongwa. Kipimo cha kuruka na kutua hakikuweza kumtenga anayekwenda kuumia na asiyeumia. Hata pale ambapo wastani wa makundi mawili unatofautiana, watu wenyewe wamechanganyikana mno kiasi kwamba ukichora mstari popote utawatisha wazima wengi na kuwapitisha wengi wanaokwenda kuumia. Ilikuwa ni saa yangu ya Januari tena, ikiwa imevaa koti la maabara.

Kinachofanya kazi hakimchagui mtu. Mwaka 2008 Torbjørn Soligard na wenzake walitoa majibu ya jaribio la wasichana 1,892 wa umri wa miaka 13 hadi 17 katika klabu za Norway, ambapo takriban nusu ya klabu zilifanya dakika 20 za programu inayojulikana leo kama FIFA 11+ kabla ya kila zoezi, na majeraha makubwa upande huo yakawa karibu nusu ya yale ya upande mwingine. Ndani yake mna kuchuchumaa, kuruka na kutua, kusimama kwa mguu mmoja, na lile zoezi la kupiga magoti mwenzako akikushika vifundo vya miguu huku ukijiachia mbele polepole hadi nyama za paja zilie. Havihitaji bomba wala simu. Tulianza wiki iliyofuata, wote, pamoja na golikipa wa akiba ambaye hupenda kujificha nyuma ya mti wa mwembe.

Beki alifanyiwa upasuaji Novemba, baada ya michango ya wazazi, walimu na majirani. Wataalamu wa magoti wanashauri mchezaji asirudi kabla ya miezi 9, na wengi huongeza sharti la pili: aruke mbele kwa mguu mmoja, na mguu ulioumia ufikie angalau asilimia 90 ya ule mzima. Septemba 2023 tulitandika futi ya fundi cherehani kwenye majani. Mguu wa kulia ulifika sentimita 128, wa kushoto 121. Msaidizi wangu alipiga hesabu kwenye simu, akasema ni karibu asilimia 95, na mama yake binti, aliyekuwa amesimama na kanga yake nyuma yetu, akasema alhamdulillahi.

Nilifungua daftari ukurasa wa Januari 2022. Wakati ule mguu wa kulia ulifika 142 na wa kushoto 139. Mguu mzima nao ulikuwa umenywea kwa mwaka mzima wa kukaa, na kwa hiyo ulikuwa unampa mwenzake shahada ya bure. Ukiulinganisha mguu wa kushoto na wenyewe ulivyokuwa, ulikuwa umefika asilimia 87 tu. Kosa langu la kipimo kwenye futi ile ni sentimita 4 au 5. Pengo lilikuwa 18, na kwa mara ya kwanza tangu nilinunue daftari lile niliona tofauti ambayo ningeweza kumwambia mzazi bila kutafuna maneno.

"Kwa hiyo bado, Mwalimu?" binti akauliza.

"Bado, mwanangu."

Akalichukua daftari mkononi mwangu akapitisha kidole kwenye orodha, polepole, hadi kwenye jina la winga lenye 5.1 mbele yake na mstari wa wino uliolikata. Walikuwa wakikaa dawati moja. Akaniuliza, bila ukali wowote, huyu naye angepimwa leo angekuwa na ngapi. Nilikunja futi, nikamwambia yeye arudi Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijapanda, na aje na viatu vile vile.